Tochi Iliyofika Mbali Mno

Naapa kwa pensheni yangu, ambayo huchelewa lakini haijawahi kusema uongo, kwamba yote mtakayosoma leo yalitokea kama yalivyo. Sijaongeza chumvi. Mkiionja chumvi mahali, jueni ilikuwamo tangu jikoni.

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama katikati ya sebule yangu pale Isevya, mbele ya wakwe, mdomo wazi. Kwa aliyekosa gazeti, kisa ni kifupi. Mjukuu wangu Julieth anaolewa Jumamosi. Wakwe walipokuja kupanga mambo ya sherehe, mazungumzo yakaninogea, nikaahidi ndoo mbili za asali ya harusi, asali ya kutoka kwenye mizinga yangu mwenyewe.

Mizinga yangu mwenyewe. Mimi Justus, fundi breki wa reli mpaka nilipostaafu. Mzinga pekee niliowahi kumiliki niliurithi kwa mjomba, na mchwa waliumaliza kabla sijajua mlango wake uko upande gani.

Na mkwe si mtu wa kuchezea. Mzee Bundala, baba wa bwana harusi, ni Mmoraviani wa Sikonge, mrefu, mkimya, mtu ambaye ukimsimulia kichekesho hukuuliza kwanza kilitokea lini. Siku ile alisema jambo moja tu: kwao asali ikiahidiwa isipoletwa, ndoa inasubiri mpaka iletwe, hata kama ni mavuno ya mwakani.

Julieth alinitazama. Gauni lilikuwa limeshashonwa.

Kwa hiyo nikaenda kwa jirani yangu Mhoja, mrina asali wa kweli, ambaye mizinga yake iko porini kando ya barabara ya Sikonge. Tukapatana kwa siri. Yeye atarina mizinga yake, mimi nitasema ni yangu, naye atachukua bati zote nilizokuwa nimeziegemeza nyuma ya nyumba. Aliongeza sharti moja. Tochi yake ilikuwa imekufa. Nije na tochi.

Nikarudi kwa mke wangu Levina kuomba fedha. Alinipa elfu ishirini, akasema ndiyo hiyo hiyo, nisirudi kuongeza maneno wala kuongezewa shilingi.

Hapo ndipo tulipofika. Sasa nifuateni Kanyenye.

Pale Kanyenye tochi anauza Dafrosa, Mgogo wa Manyoni, mwenye meza ndogo na mdomo mkubwa. Mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani. Ananitukana, ninamtukana, na hakuna anayekwenda kushtaki. Utani huu ni wa tangu babu zetu walipopita kwao na misafara wakielekea pwani, na babu zake wakiwatoza hongo ndipo wanywe maji.

"Mnyamwezi huyo," alisema kabla sijaifikia meza. "Shusha mzigo. Maji utalipia."

Nikamwambia Mgogo kuuza mwanga ni maajabu, maana kwao jua linawaka mpaka mbuzi wanatembea wamefumba macho. Akacheka, akanivutia stuli, akauliza nataka tochi ya kazi gani.

Swali lilikuwa jepesi. Mtu mzima angejibu ya kurinia asali, akaishia hapo.

Lakini mimi miaka yote hii kwenye vijiwe vya Kanyenye nimekuwa nikihadithia kwamba hurina asali bila taa, kwa macho yangu haya, kama fungo. Dafrosa mwenyewe alishanisikia na akanipa soda siku ile. Nitamwambiaje leo kwamba fungo anatafuta tochi?

"Ya daraja," nikasema.

"Daraja gani?"

Nikamwambia reli wamenirudisha kazini kwa muda. Kuna daraja linalia treni ikipita, na vijana wao wanaogopa kuingia chini yake, kwa hiyo wameomba mzee aende akalisikilize. Aliyatazama magoti yangu kwa muda mrefu. Kisha akaanza kunipangia tochi mezani.

Ya kwanza ilikuwa ya plastiki, kubwa kama chupa ya chai, ubavuni imeandikwa wati elfu tisa. Nikanyoosha mkono. Dafrosa akaifungua kitako, akatoa betri, akanitilia kiganjani. Ilikuwa nyepesi kama biskuti.

"Nyingine ukizipasua unakuta unga," alisema. "Hii naiweka kwa ajili ya watu nisiowapenda. Wewe mtani, nakuuzia baada ya kukuonya."

Ya pili ilikuwa fupi, nene, nzito kuliko umbo lake, na mwanga wake ulikuwa wa upole wa rangi ya chai ya maziwa. Ubavuni ilikuwa na kitaa chekundu. Dafrosa alisema hiyo inakaa na chaji mpaka unaisahau, na bei yake inaniachia nauli na andazi. Nikaiangalia kama mtu anavyoangalia uji wakati wenzake wanakula pilau.

Maana ya tatu ilikuwa imelala pale pembeni. Ya bati gumu jeusi, baridi mkononi, na shingo yake ukiivuta mbele mwanga unajikusanya na kuwa kama mkuki. Dafrosa hakunificha kitu. Alisema mwanga wake mkali kabisa unadumu kwa muda mfupi, kisha unajipunguza wenyewe kwa sababu ya joto, na bei yake iko juu ya elfu ishirini.

"Hiyo," nikasema.

"Kwa daraja inafaa," alisema. "Chini ya daraja unataka mwanga mkali, mweupe. Ingekuwa ya kurinia asali nisingekupa hiyo."

Nikauliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, kwani ya asali ina nini.

"Ya nini kujua? Wewe una daraja lako."

Wasomaji wangu, mlango ulikuwa wazi. Ningesema tu, mtani, nilikuwa nakutania. Lakini uongo ukishaupa kiti huwezi kuuambia usimame mbele ya watu. Nikabaki na daraja langu.

Tukaanza kugombana bei. Akataka hongo ya babu zangu na riba yake. Nikamwambia babu zangu walishalipa, risiti aliikojolea punda. Mwishowe akatazama upande wa pili wa barabara, macho yakamng'aa.

Mbele ya duka la vifaa vya ujenzi walikuwa wamelaza tanki la maji, lile jeusi la plastiki, limezuiwa na tofali lisijiviringishe.

"Shida yangu moja," alisema Dafrosa. "Mwanga hauuziki juani. Kila mteja akiwasha saa hizi anaona njiti ya kiberiti. Wewe ingia mle ndani, washa, tangaza unachokiona. Mdomo unao. Ukiniletea watu, nakuachia kwa hiyo ishirini yako."

Mimi mwembamba. Nikapita mdomo wa tanki kichwa kwanza, kama mtu anayerudi alikotoka. Ndani kulikuwa na giza la kweli na harufu ya plastiki. Nikaivuta shingo ya tochi, nikabonyeza.

Naapa kwa mara ya pili. Niliona ndani ya kope zangu mwenyewe. Niliona mishipa. Nikaanza kupiga kelele kwamba naiona Urambo, naiona Kigoma, namwona mtu wa Kongo anakunywa chai na amesahau sukari. Nje nikasikia watu wanakusanyika. Nikasikia Dafrosa anarudia maneno yangu na kuyaongezea bei. Nikanogewa. Nikageuka niangaze upande wa pili, nikauegemea ukuta wa tanki kwa bega.

Tofali likatoka.

Wanaosema Kanyenye hakuna mteremko hawajawahi kuwa ndani ya tanki. Tulikwenda. Nasema tulikwenda kwa sababu mimi, tochi na viatu vyangu tulikuwa kila mmoja na safari yake, tukikutana juu na kuagana chini. Mwanga ulikuwa unatoka mdomoni mwa tanki na kuzunguka, na baadaye niliambiwa bodaboda walipisha njia wakidhani ni msafara wa mkubwa fulani. Mama mmoja wa nyanya alisimama na kupunga mkono.

Tulisimama kwenye magunia ya mkaa.

Nikatambaa kutoka, mikono mbele, tochi bado inawaka. Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kiatu cha kahawia kilichopigwa rangi mpaka kinaonyesha uso. Uso ulikuwa wangu. Juu ya kiatu kulikuwa na suruali iliyonyooshwa kwa pasi. Juu ya suruali kulikuwa na Mzee Bundala.

Mnajua adabu ya mkwe. Mkwe hakuoni ukiwa kifua wazi, hakuoni ukila ukiwa umesimama, na wala hakuoni ukitoka kwenye tanki kwa miguu minne. Lakini kwa kuwa nilikuwa nimeshapiga magoti, nikaona niyatumie.

"Shikamoo, mkwe."

"Marahaba," alisema. "Ndani kuna nini?"

Kabla sijajibu, Dafrosa akafika mbio, kitenge mkononi, akanijibia. Akasema huyu mzee wetu ananunua tochi ya kukagulia daraja la reli.

"Daraja?" alisema Bundala.

Sasa hapo nilikuwa na uongo wa aina mbili, kila mmoja umetoka kwa mlango wake, na umekutana na mwenzake uani. Kwa Dafrosa mimi mtu wa daraja. Kwa mkwe mimi mtu wa mizinga. Nikavuta pumzi.

"Daraja la kwenda kwenye mizinga yangu," nikasema.

Bundala alitikisa kichwa polepole. Alikuwa amekuja mjini kutafuta viatu vya bwana harusi na alikuwa na pikapu. Akasema vizuri, Sikonge njia ni ile ile, kesho jioni tutakwenda wote akaone ninavyorina, kwa sababu hajawahi kuona mtu anarina na taa ya treni.

Nyuma yake watu walikuwa wamejaa kwenye meza ya Dafrosa wakinunua tochi. Aliuza zote siku ile, hata ile yenye unga.

Kesho yake tuliondoka jua likiwa limelegea. Mimi na Bundala mbele, Mhoja nyuma na ndoo, kamba na kibuyu cha moshi. Nilikuwa nimemwomba Mhoja aniite bosi, ili ionekane yeye ni kibarua wangu. Alilipenda jina hilo kupita kiasi. Bosi tupite hapa, bosi angalia shimo, bosi umefunga mkanda. Bundala aliendesha bila neno, nami nikaujaza ukimya wake kwa kumweleza tabia za nyuki wangu, malkia wangu mmoja mmoja na hasira zake.

"Wanakujua?" aliuliza.

"Wananijua kwa kikohozi."

Tulipofika kwenye mti wa Mhoja magharibi ilikuwa inaingia, giza changa, lile ambalo bado unaona mkono wako lakini huoni mstari wa kiganja. Mhoja akavua viatu, akapanda na moshi wake. Bundala akakaa kwenye gogo, akajifunika koti mpaka masikioni, akaitazama tochi yangu.

"Hiyo taa yako utaifunga na nini, mkwe?"

Sikuelewa swali. Nikadhani ananipima. Nikamjibu kwamba mimi sifungi, mimi nafungua. Nikaivuta shingo ya tochi mpaka mwisho, nikaelekeza juu, nikabonyeza.

Jamani.

Msitu ulikuwa mchana. Niliuona mzinga, nikamwona Mhoja amekumbatia tawi, nikaona hata kiraka cha suruali yake. Nilijisikia kama nimeumba kitu. Juu kule Mhoja akasema, kwa sauti ya chini ya mtu asiyetaka kuamsha mtoto, "Bosi, zima."

Nikasikia bosi tu. Nikasogeza mwanga karibu zaidi na mzinga.

"Bosi, zima hiyo. Nyuki wanafuata weupe."

Ndipo nikawaona. Walitoka mzingani, wakajipanga kwenye ule mwanga, wakashuka nao moja kwa moja, kama abiria wanaoshuka treni ya Mwanza, bila kusukumana, kila mmoja anajua anakokwenda. Walikuwa wanakuja mkononi mwangu.

"Justus, zima tochi, mzee wa watu, utaniua huku."

Hapo ubosi wangu ukaisha. Nikabonyeza kitufe ili nizime. Ikaanza kupepesa. Nikabonyeza tena, ikapepesa kwa haraka zaidi, na nyuki wakaja kwa haraka zaidi. Mmoja akaniingia kwenye mkono wa shati akapanda kama mwenye nyumba. Nikaitupa tochi kwenye nyasi, nikakimbia kuuzunguka mti, nikikohoa kwa nguvu ili wanitambue. Hawakunitambua.

Lakini kutupa kulisaidia. Nyuki wote wakaigeukia tochi. Wakaishukia, wakakaa juu ya kioo, wakabanana, na sijui kama mtaamini lakini mimi nilikuwapo: walikaa wengi mpaka mwanga wote ukafunikwa na giza likarudi.

Ndoo ilianguka kwanza. Mhoja akaifuata, kwa kamba, kwa haraka ambayo si ya kawaida yake. Asali ilikuwa imemwagika kwenye majani, na mdomo wake wa juu ulikuwa umevimba umefika puani. Alisema maneno ya Kinyamwezi ambayo gazeti hili lina heshima zake. Kisha akasema kwa Kiswahili kwamba nyuki wakishachafuka namna hiyo hakuna anayepanda tena, na kwamba wenye akili hufunga kitambaa chekundu kwenye tochi kwa sababu mwanga mwekundu nyuki hawauoni. Akaenda kukaa kwenye pikapu.

Nikabaki na Bundala. Hajaumwa hata na mmoja. Alikuwa bado amekaa kwenye gogo lile lile.

"Ndoo mbili, mkwe," alisema. "Na Jumamosi ni keshokutwa."

Nikasema nyuki hawa wa mti huu wana malezi mabaya, lakini mizinga ninayo mingi. Nikaisubiri tochi mpaka wageni wake waliporudi nyumbani mmoja mmoja, nikaichukua kwa ncha za vidole, nikafaulu kuizima, nikatembea na Bundala mpaka ukingo wa mbuga, mbali na mti ule. Nikawasha. Nikaupeleka mwanga ng'ambo ya pili, ng'ambo ambayo kwa tochi ya kawaida ungeona giza tu na ukaheshimu.

Hii haikuheshimu giza. Ilivuka mbuga nzima, ikapanda miti ya ng'ambo, ikasimama kwenye mninga mkubwa. Na juu ya mninga ule, katikati ya duara la mwanga kama picha iliyotundikwa ukutani, kulikuwa na mzinga.

Mungu hamtupi mstaafu, nikajisemea.

"Ule pale," nikasema.

"Wa nani?"

"Wangu."

Bundala akainama mbele kidogo. "Una hakika? Kutoka huku?"

"Mkwe, mpaka alama yangu naiona."

Na kweli ilionekana. Mnajua kila mwenye mizinga huchonga alama yake kwenye kifuniko, watu wasije wakagombana porini. Ile ilikuwa imechongwa kwa kina, na tochi ilikuwa imeipata sawasawa: mistari miwili imesimama, na chini yake kitu kilichopinda kama mwezi mchanga.

"Hebu nieleze maana yake," alisema Bundala. "Napenda kujua alama za watu."

Sauti yake ilikuwa ya upole kuliko siku zote. Nilipaswa kushtuka. Sikushtuka. Nikamweleza kwamba mistari miwili ni pembe mbili za ndovu alizozibeba babu yangu kutoka hapa mpaka pwani na kurudi.

"Zilirudi?"

"Nini?"

"Pembe."

"Moja ilirudi," nikasema. Nikaendelea haraka kwamba ule mwezi ni mwezi uliomwongoza, kwa sababu alitembea usiku kukwepa hongo ya Wagogo, na kwamba alipofika nyumbani akachonga alama hiyo na kuapa kwamba kizazi chake chote kitaitumia. Mwishoni mwenyewe nililengwa na machozi kidogo.

Bundala alinyanyuka. Akanyoosha fimbo yake, upande wa kishikio, akaileta karibu na mimi.

"Lete mwanga hapa."

Nikaleta. Kwenye kishikio kulikuwa na mistari miwili imesimama, na chini yake kitu kilichopinda.

"Mistari miwili ni baba yangu na kaka yake," alisema Mzee Bundala. "Hicho unachokiita mwezi ni shoka. Mzinga ule niliupandisha mimi mwenyewe."

Bundi alilia mahali, akaacha. Kule nyuma Mhoja alikuwa kimya kabisa, lakini pikapu ilikuwa inatikisika.

Sasa nisikilizeni mtu anavyozama akiwa ameshika kamba ya kujiokoa. Mwenye busara angesema nisamehe. Mimi nilitazama alama ile, nikatazama fimbo, na ulimi wangu ukaondoka peke yake. Nikasema kumbe. Nikasema haya ndiyo mambo ya zamani, koo zilivyotawanyika njiani wakati wa misafara. Kama alama ni moja, basi babu yangu na babu yake lazima walikuwa watu wa nyumba moja. Nikamfungulia mikono. Nikamwita ndugu.

Bundala hakuja kwenye mikono.

"Kama ni nyumba moja," alisema, "watoto hawaoani."

Mikono yangu ikabaki hewani. Tochi nayo, kwa sababu ya joto, ikajipunguza yenyewe.

"Mimi nitarudi nimwambie mwanangu kwamba yule msichana ni dada yake," aliendelea. "Wewe utakwenda kumwambia Julieth. Ama kuna njia nyingine. Chagua, mkwe. Wewe ni ndugu yangu, au ni mwongo?"

Nikamwona Julieth akilijaribu lile gauni mbele ya kioo cha kabati, anageuka kuona mgongo.

"Mwongo," nikasema.

"Sijasikia."

"Mwongo, mkwe. Mkubwa. Sina mzinga hata mmoja, ule wa mti wa kwanza ni wa Mhoja, na daraja nalo halipo."

Ndipo nilipomwona Mzee Bundala akicheka kwa mara ya kwanza. Alicheka bila sauti, mabega tu, kwa muda mrefu, mpaka akaegemea fimbo. Alipomaliza akajipangusa macho, akawa mtu wa Sikonge tena. Akasema anayedai mzinga wa mwenzake hulipa mbuzi, na kwao mbuzi huyo hulipwa asubuhi inayofuata, mbele ya watu wa nyumba ya mdaiwa, na mdaiwa mwenyewe ndiye anayeeleza kwa nini. Harusi haina ugomvi na hilo. Asali tutaizungumza hapo hapo.

Kwa hiyo asubuhi mkwe alikuwa uani kwangu, kofia mkononi. Nilikuwa nimeamka mapema nimfungue mbuzi kimya kimya, nikidhani nitamwambia Levina kwamba amekwenda kupimwa. Lakini Levina alikuwa ameshasimama mlangoni na chai ya mgeni.

"Baba Advera," alisema, "huyo mbuzi wangu anakwenda wapi?"

Nikamtazama Bundala. Bundala akatazama chai.

"Mkwe wangu ataeleza," alisema.

Nikaeleza. Nilianza katikati, Levina akanirudisha mwanzo. Nikaruka tanki, Mhoja akalitaja kutoka juu ya ukuta, na mdomo wake ule. Julieth alitoka jikoni na mwiko, akasikiliza mpaka mwisho, pamoja na pale nilipokuwa ndugu wa mchumba wake kwa muda wa pumzi mbili. Nilipomaliza hakuna aliyesema pole.

Bundala akaishika kamba ya mbuzi. Levina hakupinga. Alinyoosha mkono wake kwangu, kiganja juu.

"Na mimi changu," alisema.

Nikamkabidhi tochi.

"Babu," alisema Julieth, "asali yenyewe sasa iko wapi?"

Bundala akajibu kwamba asali ipo, iko kule kule kwenye mninga, na mzinga umejaa. Yeye kama mwenye mzinga anaitoa kwa moyo mweupe kwa ajili ya watoto. Lakini ahadi ilitolewa na mzee Justus, kwa hiyo anayepanda ni mzee Justus. Leo jioni. Akaenda kwenye pikapu, akarudi na kamba ya katani, akanivika begani kama skafu, akauliza kama nina suruali ninayoweza kuipoteza.

Nikaitazama kamba. Nikamtazama mkwe. Nikasema sawa, kwa sababu nilikuwa sina kitu kingine mdomoni, na nikauliza kwa unyonge ni nani atakayenishikia taa.

Levina alikuwa anaigeuza tochi mkononi, anaisoma. Akapata kitufe. Akaivuta shingo mpaka mwisho, akaniwekea mwanga usoni, mweupe, asubuhi ile ile.

"Nitashika mimi," alisema.